Mzazi asile kuku wa mtoto bila kulipa

Katika familia nyingi za wakulima, somo la kwanza la mali huanza na kuku. Mtoto hupewa tetea mmoja na kuambiwa, "Huyu ni wako, mtunze." Hapo mzazi huwa amefanya jambo jema. Tatizo huja siku ya mgeni au siku ya ada, kuku yule anapochinjwa au kupelekwa mnadani bila mwenyewe kuulizwa. Mtoto akilia, huambiwa, "Hata wewe ni wangu."

Wazazi wengi huona hilo ni jambo dogo. Si dogo. Mtoto huyo anajifunza kuwa mali ikionekana huchukuliwa, na kwamba aliyetumia mapema ndiye mjanja. Asishangae mtu basi, akikua na kupata fedha za korosho au pamba, akizimaliza ndani ya wiki moja.

Kuku mmoja anatosha kufundisha biashara nzima. Tetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa awamu na kuyaatamia kwa siku 21. Mtoto akiyala yote leo, mwezi ujao hana vifaranga. Chanjo ya mdondo ya tone la jicho, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, humfundisha kuwa mali ina gharama. Mwewe naye humfundisha hasara.

Akiuza jogoo kwa Sh15,000, kwa mfano, akae na mzazi na daftari. Kwanza zitengwe fedha za chanjo na pumba, kisha za kibubu, na zinazobaki anunue anachotaka. Akinunua kitu kikaharibika kesho yake, asigombezwe wala asifidiwe. Hasara ya Sh500 akiwa na miaka tisa ni nafuu kuliko ya Sh500,000 akiwa na miaka 30.

Wenye maduka nao wana wajibu wao. Mtoto anayeona droo imejaa jioni hudhani zote ni faida. Aonyeshwe kuwa ndani yake kuna fedha za mzigo mwingine, kodi ya pango na ushuru. Baba naye akichukua soda dukani, aandikwe kwenye daftari kama mteja mwingine.

Wapo watakaouliza: mgeni amefika na jikoni hakuna kitu, mzazi afanyeje? Amkope mtoto. Amwombe, waandike tarehe na kiasi, kisha alipe siku aliyoahidi. Mkopo uliolipwa humfundisha mtoto uaminifu kuliko mahubiri ya mwaka mzima. Usipolipwa, kibubu hakitajaa tena, hata mzazi akiimba kila siku kwamba haba na haba hujaza kibaba.