Uso Ulikuwa Wake, Kalamu Haikuwa Yake

Mwaka 1903, Edwin S. Porter alipoitengenezea kampuni ya Edison filamu bubu kutokana na riwaya ya Harriet Beecher Stowe, Uncle Tom's Cabin, mtumwa Tom aliigizwa na mzungu aliyejipaka weusi usoni. Ilikuwa miaka 38 tu tangu Marekani ipige marufuku utumwa. Waliozaliwa utumwani walikuwa bado hai, lakini sura zao hazikuhesabiwa kuwa zinafaa kubeba kisa chao wenyewe.

Watetezi husema kazi ya mwigizaji ni kuwa mtu asiye yeye. Ni kweli, ila katika filamu bubu hakuna sauti ya kumwokoa mhusika. Macho, midomo na mikono ndiyo lugha yote. Ukiufunika uso kwa rangi, umemnyamazisha mtumwa mara ya pili.

Wengine husema hayo ndiyo yaliyokuwa mambo ya wakati ule. Wakati ule wenyewe unawakanusha. Mwaka 1914 Sam Lucas, Mmarekani mweusi aliyewahi kumwigiza Tom jukwaani mwaka 1878, alimwigiza pia kwenye filamu. Basi iliwezekana. Hata hivyo, katika filamu hiyohiyo mtoto Topsy aliigizwa na msichana wa kizungu.

Mwaka 1927 studio ya Universal ikatengeneza tena filamu ya riwaya hiyo na kurudia mtindo ule. James B. Lowe, mtu mweusi, alikuwa Tom. Eliza, mama anayetoroka na mwanawe kifuani, alipewa Margarita Fischer, mzungu na mke wa mwongozaji Harry Pollard. Topsy, wa kuchekesha watu, alikuwa tena mzungu aliyepakwa weusi. Ni kweli kwamba riwaya inamweleza Eliza kuwa chotara mwenye ngozi nyeupe, lakini Wamarekani weusi wenye rangi hiyo hawakuwa haba. Mweusi aliruhusiwa kuvumilia na kufa. Kukimbilia uhuru kukaachiwa mzungu.

Ndiyo maana kuhesabu sura za weusi kwenye skrini hakutoshi. Lucas na Lowe walistahili sifa, lakini waliigiza yaliyoandikwa na kuamuliwa na wengine. Oscar Micheaux, mtengenezaji filamu mweusi, alishika kalamu na kamera mwenyewe. Katika Within Our Gates ya mwaka 1920 alionyesha watu weusi wakinyongwa na makundi ya wazungu, na akamweka mwanamke mweusi, Evelyn Preer, katikati ya kisa.

Filamu hiyo ilipotea kwa miongo kadhaa, hadi nakala yake ilipopatikana Hispania. Anayetaka leo kuonyesha filamu za Tom aziweke pamoja na ya Micheaux. Mtazamaji akiziona bega kwa bega, atatambua tofauti kati ya mtu aliyealikwa kuingia kwenye kisa na mtu anayekisimulia.