Msiwafokee Vijana Wanaouliza

Ndugu zangu Wakristo, iko tabia moja imeota mizizi makanisani mwetu, nami siwezi tena kuinyamazia. Ni tabia ya kumfokea kijana anayeuliza. Akiuliza dunia ina umri gani, anaambiwa ana pepo la kiburi. Akiuliza siku tatu za kwanza za uumbaji zilihesabiwaje ilhali jua liliwekwa siku ya nne, anaambiwa akatubu. Kisha akifika chuo kikuu tunasikia haonekani tena ibadani, nasi tunafunga na kukesha tukimlaani shetani. Shetani tunamsingizia. Mlango tuliufungua sisi.

Kuuliza si ujinga, walisema wazee wetu, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Je, maneno hayo ni ya shambani na sokoni tu, yakifika kanisani yanaachwa mlangoni kama viatu?

Nilikaa siku moja nyuma ya darasa la kipaimara. Binti wa kidato cha kwanza alinyoosha mkono, daftari lake la historia likiwa wazi mapajani. Alikuwa amechora kwa penseli zile nyayo za Laetoli, kisigino na kidole gumba vyote vikionekana. Akauliza kwa adabu: "Mwalimu, hawa waliopita hapa walikuwa kabla ya Adamu?" Mwalimu akafunga Biblia kwa kishindo, akasema hayo ni mambo ya wazungu wasiomjua Mungu. Binti akalifunika daftari. Mpaka kipindi kinakwisha hakunyoosha mkono tena.

Mambo ya wazungu? Laetoli iko Ngorongoro, kwetu. Kikosi cha Mary Leakey kilizikuta nyayo hizo mwaka 1978, zipatazo 70. Viumbe wenye kutembea kwa miguu miwili walipita juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua, majivu yakaganda kama saruji, mengine yakayafunika, na alama zimedumu miaka milioni 3.6. Umri huo hakuna aliyeuota usingizini. Ndani ya majivu mna potasiamu ambayo sehemu yake hugeuka argoni kwa mwendo usiobadilika. Mtaalamu hupima kilichogeuka, akapiga hesabu. Na huo mwendo usiobadilika, ee mwalimu wangu wa kipaimara, ni nani aliyeuweka kama si yule yule unayetufundisha habari zake?

Ama kuhusu hao wasiomjua Mungu, tusome historia kabla ya kunena. Mendel, aliyefungua elimu ya urithi wa viumbe kwa kupanda njegere bustanini, alikuwa mtawa. Lemaître, aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, alikuwa padre wa Ubelgiji, akiadhimisha misa na kufanya hesabu za anga bila moyo wake kupasuka vipande viwili. Papa Pius wa Kumi na Mbili alipotaka mwaka 1951 kuifanya nadharia ya namna hiyo kuwa ushahidi wa uumbaji, padre huyo hakufurahi. Alijua kwamba imani isiyosimama mpaka ipewe mkongojo wa maabara itaanguka siku mkongojo ukibadilishwa.

Na Mtakatifu Agostino, Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa nchi inayoitwa leo Algeria, alionya zaidi ya miaka 1,600 iliyopita kuwa ni aibu kwa Mkristo kunena upuuzi juu ya nyota na ardhi mbele ya asiyeamini anayezijua vizuri. Atakudharau katika hilo analolijua, na utakapomweleza habari za ufufuko atakuamini kwa lipi? Kanisa lilikwisha kuyaona hayo kwa Galileo, aliyehukumiwa mwaka 1633 kwa kushikilia kwamba dunia hulizunguka jua. Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani; nasi tunaendelea kuwalea watoto kana kwamba hawataerevuka.

Sisemi hakuna mafundo magumu. Habari ya Adamu na dhambi ya asili inawasumbua wanateolojia hata leo. Lakini fundo hufunguliwa kwa vidole, na kelele hazijafungua hata moja. Tomaso alitaka kuona makovu, Bwana akamwonyesha. Ayubu alimhoji Mungu sura baada ya sura, na waliokemewa mwishoni ni wale rafiki zake waliokuwa na majibu mepesi.

Nanyi vijana, mlio akili za taifa hili na fahari yetu, sitawaacha hivi hivi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Wako miongoni mwenu waliotazama video mbili tatu za simu, wakarudi nyumbani kumwita bibi yao mjinga, bibi aliyewasomesha kwa kuuza vitumbua na kuwaombea kila alfajiri. Potasiamu itakupa umri wa majivu. Haitakwambia kwa nini umuuguze jirani asiye na kitu cha kukulipa. Tena wasomi nao hukaidi. Mmisionari Rebmann alipoandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848, bwana Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alimkejeli miaka mingi kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mtu wa Biblia ndiye aliyekuwa ameona kwa macho, na mtu wa vitabu ndiye aliyekataa kutazama.

Na pale maswali yanapokatazwa, uongo hupita bila kuhojiwa; ndiyo maana siwezi kulipita hili la mafuta ya upako. Baadhi ya makanisa yanayoogopa swali la mtoto hayaogopi kuuza chupa za upako na kuwaambia wagonjwa waache dawa! Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana katika kuyawania mafuta hayo. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Mchungaji anayemwambia mama aache vidonge vya presha anamwua, na tuseme hivyo hadharani, tusimwonee haya kwa kuwa amevaa suti.

Basi nawasihi wachungaji, mapadre na makatekista: kila Jumapili tengeni robo saa baada ya ibada kwa maswali ya vijana. Swali msilolijua, semeni hamlijui. Kisha mwalikeni mwalimu wa biolojia wa sekondari ya kata, ambaye mara nyingi ni mwimbaji wa kwaya yenu wenyewe, aje Jumapili inayofuata mkae naye mbele ya vijana. Na yule binti mwenye daftari aitwe, aulize tena.