Kabla ya kuitilia Subaru yako kamshafti ya 272

Kila Januari ikiingia, mwaka mmoja zaidi wa magari ya mtumba unafungiwa nje ya bandari ya Mombasa. Kanuni ni ya KEBS: gari isizidi miaka 8. Ndiyo sababu zile Subaru Forester za turbo za 2003 hadi 2007 haziletwi tena. Zilizopo ni hizo hizo, zinahama mkono hadi mkono, na anayezipata mwishoni ni kijana mwenye doo kidogo na ndoto kubwa. Turbo ya juzi juzi hawezi, ushuru umemkaba. Basi anaamua kuiongezea nguvu hii kuukuu, na mtu wa kwanza kumshauri anamwambia: weka kamshafti ya 272.

Wacha nikuambie mapema: kwa wengi wenu hiyo ndiyo sehemu ya mwisho ya kugusa.

Kamshafti ni kile chuma chenye vinundu kinachozunguka na kusukuma valvu zifunguke. Injini ya EJ20 ya turbo iko nazo nne, mbili kila upande. Umbo la kinundu ndilo linaamua valvu itafunguka kiasi gani na ikae wazi kwa muda gani. Zile namba, 264, 272, 280, ni digrii za huo muda. Na kila kampuni hupima kivyake, kwa hivyo 272 ya huyu si lazima iwe sawa na 272 ya yule. Muuzaji hatakuambia hilo.

Sasa, kwa injini isiyo na turbo, kuacha valvu wazi muda mrefu kunasaidia ukikanyaga sana. Kuna nukta ndogo ambapo valvu ya kuingiza hewa na ile ya kutoa moshi zote ziko wazi. Moshi unatoka mbio, unavuta hewa mpya nyuma yake. Poa kabisa.

Kwa turbo hesabu inageuka. Moshi hautoki mbio. Unakutana na feni ya turbo njiani, na lazima uizungushe kwanza. Kama turbo ni ile ndogo ya kiwandani, presha ya moshi inaweza kupita presha ya hewa inayosukumwa ndani. Valvu zote zikiwa wazi wakati huo, moshi unarudi ndani ya silinda. Hewa mpya inakosa nafasi, joto linapanda, injini inaanza kugonga. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo turbo tayari inazunguka zaidi ili ifikishe presha ile ile. Ongeza kwamba gari iliyotoka Japani ilipangiwa petroli ya oktani 100, halafu wewe unajaza ya kawaida kwa sababu ya bei. Hapo pistoni ndiyo inalipa.

Ukiwa na turbo kubwa na ekzosi pana, moshi unapata njia na kamshafti ndefu inaanza kuleta maana. Lakini nguvu yake inakuja injini ikizunguka juu sana, na chini inakuwa nzito kuliko ilivyokuwa. Jiulize ni mara ngapi kwa wiki unafika huko juu ukiwa kwa jam ya Thika Road.

Halafu kuna wale wanaotaka mlio tu. Huo mngurumo wa Subaru hautoki kwa kamshafti. Unatoka kwa mabomba ya moshi yenye urefu usiolingana kabla ya turbo. Ndiyo maana Subaru zenye mabomba yanayolingana hazina huo mlio, hata zikiwa na nguvu zaidi. Kamshafti kali itakupa kitu kingine: gari inatetemeka ikiwa imesimama, na ule mvuto wa hewa unaosaidia breki unapungua. Ukitembea polepole, pedali inakuwa ngumu. Sioni watu wakibonga kuhusu hili, na hiyo gari mnabebana watano ndani.

Bei nayo haiishii kwa kile chuma. Mara nyingi injini inatolewa nje, nafasi za valvu zinapimwa moja moja, springi zinabadilishwa, kisha kompyuta ya gari inapangwa upya na mtu anayejua, siyo jamaa mwenye laptopu tu. Fundi akikosea jino moja la mkanda wa taimingi, valvu zinaweza kugongana na pistoni siku hiyo hiyo ya kuwasha.

Kwa hivyo ukiwa na turbo ya kiwandani, bakisha kamshafti ya kiwandani. Pesa hizo zipeleke kwa mkanda mpya, radieta, pampu ya mafuta na breki, kisha uipange kompyuta vizuri. Ukishabadilisha turbo na bado unataka kamshafti, muulize muuzaji maswali haya: hizo digrii zimepimwa valvu ikiwa imefunguka milimita ngapi, vilele vya vinundu vya kuingiza na vya kutoa vimetengana kwa digrii ngapi, na inataka springi gani? Akikujibu tu kwamba “hii ni ya race, buda”, rudisha simu mfukoni kabla hujatuma M-Pesa.