Usijibu "Nzuri" Nawe Unaumia

Mtafiti akikujia wodini katika hospitali kuu ya Nakuru na kukuuliza hali yako, huenda ukajibu "nzuri" hata kama hukulala usiku kucha kwa maumivu. Hiyo ni adabu yetu, lakini huharibu utafiti.

Orodha fupi ya Shirika la Afya Duniani ya kupima ubora wa maisha ina maswali 26 kuhusu majuma mawili yaliyopita: usingizi, maumivu, pesa, hata marafiki. Eksrei haiwezi kuyajibu hayo. Ukificha, dawa inayokutesa itaandikwa kuwa haina madhara.

Wauguzi nao (hawa ndio mabingwa wa kuficha) hupimwa uchovu wa kazi kwa maswali 22 ya Christina Maslach wa Marekani na mwenzake, yaliyochapishwa mwaka wa 1981. Muuguzi wa Molo au Naivasha aliyekesha peke yake na wodi nzima ataandika kwamba huchoka "mara chache", akihofia karatasi itamfikia mkubwa wake. Simlaumu. Watafiti, andikeni nambari badala ya jina, na karatasi mzikusanye wenyewe, zisipitie kwa matroni. Kisha mrudi mtuambie mlichokipata.