Mifupa Ni Yetu, Waacheni Watoto Waisome

Mwezi uliopita nilihudhuria arobaini ya mzee mmoja wa upande huu wa Chidya, Masasi. Ming'oko ilikuwa bado jikoni, watu tumekaa kwenye majamvi chini ya mwembe, mhubiri akasimama kutoa neno la faraja. Alianza vizuri, na habari za ufufuo. Kisha, bila kuchokozwa na mtu, akahamia vyuo vikuu. "Tunauza korosho kulipa ada," akasema, "halafu mtoto anarudi anatuambia babu yake nyani! Elimu gani hiyo? Mtoto wa namna hiyo mrudisheni shambani." Watu wakacheka, wakaitikia amina. Mpwa wangu, anayesoma akiolojia mwaka wa kwanza, alikuwa mbele yangu. Akainamisha kichwa, akaanza kuchorachora mchanga kwa kijiti.

Jioni nikamuuliza mbona alinyamaza. "Mjomba, ningejibu nini mbele ya wazee? Na ni kwenye msiba wa watu." Adabu yake naiheshimu. Lakini mimi si mtoto, na kalamu yangu haikukalishwa jamvini. Kauli ile ni ya uongo, na uongo huo unatugharimu watu wa kusini kuliko gharama ya ada yoyote.

Wala si mhubiri yule peke yake. Utaisikia kauli hiyohiyo kwenye mahafali, kijiweni, ndani ya basi la Masasi. Kwamba somo la chimbuko la binadamu linafundisha kuwa mtu amezaliwa na nyani. Kwamba limetungwa na wazungu kumtukana Mwafrika. Kwamba kijana akilisoma dini inamtoka. Anayesema haya hajawahi kufungua hata ukurasa mmoja wa somo lenyewe, lakini analihukumu mbele ya halaiki na kupigiwa makofi.

Basi nieleze kinachofanyika darasani, kama alivyonieleza mpwa wangu. Siku ya kwanza ya vitendo mhadhiri aliweka mezani mafuvu matatu ya plasta. Moja mfano wa mtu, moja la sokwe, la tatu hakulitaja. Akawaambia wasihangaike na sura, wayageuze chini juu. Chini ya fuvu kuna tundu unamopita uti wa mgongo. Kwa mtu tundu hilo liko katikati, kwa sababu kichwa chetu kimekaa wima juu ya shingo. Kwa sokwe limesogea nyuma, kwa sababu hutembea ameinama, mikono ikigusa ardhi. Mpwa wangu akapitisha kidole kwenye la kwanza, akapitisha kwenye la pili. Kisha akageuza la tatu, lenye uso mpana na magego makubwa yasiyofanana na ya mtu yeyote aliye hai, akakuta tundu limesogea mbele, karibu na lilipo letu. Kiumbe yule alisimama na kutembea kwa miguu miwili. Hapo ndipo mhadhiri alipowaambia kwamba huyo ni Zinj wa Olduvai, mwenye umri wa takribani miaka milioni 1.75, na kwamba naye hakuwa babu yetu bali ndugu wa pembeni ambaye uzao wake ulikwisha.

Hilo ndilo somo. Kugeuza fuvu, kupima, kulinganisha, kuuliza. Hakuna aliyemkana Mungu pale mezani.

Lakini walioingia darasani mle walikuwa wameshatishwa nyumbani. Wapo waliokataa kugusa plasta wakidhani ni kichwa cha marehemu. Yupo binti aliyeandika aya ya kitabu cha Mwanzo juu ya kila ukurasa wa daftari lake, kama kinga. Na wapo wengi, kundi kubwa kuliko yote, waliochagua njia ya mkato: kukariri. Kwenye mtihani wanaandika anachotaka mhadhiri, wakitoka nje wanasema ni mambo ya wazungu hayo, mimi natafuta maksi tu.

Kundi hili la mwisho ndilo linaloniumiza, maana ndilo zao halisi la mahubiri ya vitisho. Mhubiri anadhani analinda imani. Anachofanya ni kumfundisha kijana kuandika asichokiamini na kutia sahihi. Akihitimu, kijana huyohuyo ataandika ripoti ya mradi asioukagua na hesabu za chama cha msingi asizozihesabu. Tunashangaa wasomi waongo wanatoka wapi, na sisi ndio tunaowalea.

Hoja wanayoipenda kuliko zote ni hii: kama mtu alitoka kwa nyani, mbona nyani wa leo hawageuki kuwa watu? Huitoa kwa sauti ya ushindi, kisha hukunja mikono. Hoja hii haistahili mtoto wa darasa la nne. Wewe na binamu yako wa Newala mna bibi mmoja. Bibi alizaa binti na kijana, mmoja akabaki Newala, mwingine akahamia Masasi. Je, wewe ulizaliwa na binamu yako? Unamngoja binamu ageuke kuwa wewe ndipo uamini kwamba bibi yenu ni mmoja? Wanasayansi wanasema sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja walioishi miaka milioni 6 au 7 hivi iliyopita, koo zikagawanyika, kila moja ikashika njia yake. Sokwe wa Gombe ametembea miaka mingi ileile tuliyotembea sisi, ila kwa njia nyingine. Anayesubiri sokwe avae suruali ndipo aamini hajui hata anachokipinga.

Kuhusu dini, ningeomba wahubiri wetu wasome historia ya kanisa lao wenyewe kabla ya kusimama. Charles Darwin, baba wa nadharia ya mabadiliko ya viumbe, alipofariki mwaka 1882 alizikwa ndani ya Westminster Abbey, London, katika kanisa la Anglikana. Mwaka huohuo alifariki Zanzibar Askofu Edward Steere, yule aliyewaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, na misheni yake ya Kianglikana, UMCA, ndiyo iliyotupa shule ya Chidya. Kanisa lililotupa sisi shule ndilo lililompa Darwin kaburi. Louis Leakey, ambaye yeye na mkewe Mary waliijulisha Olduvai kwa dunia, alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, mtoto wa wamisionari. Na Wakatoliki wa Ndanda wakumbuke kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wanasayansi wa Vatikani mwaka 1996 kwamba nadharia ya mabadiliko ya viumbe imekuwa zaidi ya dhana tu. Kama Papa hakuogopa, paroko msaidizi anaogopa nini?

Sasa nije kwenye lile la "elimu ya wazungu", maana hapo ndipo damu inaponichemka.

Mzungu gani? Mifupa ni yetu. Fuvu la Zinj liliokotwa na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959 katika ardhi ya Tanganyika, na leo limehifadhiwa Dar es Salaam. Nyayo za Laetoli, zenye miaka milioni 3.66, zimekanyagwa kwenye majivu ya volkano ya kwetu. Taya la Peninj, karibu na Ziwa Natron, liliokotwa mwaka 1964 na Kamoya Kimeu, Mkamba wa Kenya, ambaye jicho lake kwa mifupa halikuwa na mpinzani duniani. Nyayo nyingine za Laetoli, zilizotangazwa mwaka 2016, zimechunguzwa chini ya Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, Watanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hiyo ndiyo elimu unayoiita ya wazungu.

Na hapa jirani yetu Lindi, Tendaguru, kati ya 1909 na 1913 mamia ya vibarua walichimba mifupa ya dinosaria wa miaka milioni 150 hivi iliyopita. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, Mwafrika mwenzetu aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Zaidi ya tani 200 zikabebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Leo mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13, watu wanakata tiketi kumtazama. Watoto wa Lindi na Mtwara wanamwona kwenye kalenda, kama wanamwona.

Mifupa ni yetu, wanaoisoma ni wengine. Na tukiendelea kuwacheka wanaotaka kuisoma, itabaki hivyo.

Najua elimu hii ya binadamu, anthropolojia, ilikuja huku na mikono michafu. Karl Weule, Mjerumani, alipita Masasi na Newala mwaka 1906 na kamera na mashine ya kunasa sauti, Vita vya Maji Maji havijapoa, akikusanya vitu vyetu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Wenzake walikusanya vichwa vya watu. Felix von Luschan alilimbikiza Berlin maelfu ya mafuvu ili yapimwe na kupangwa kwa rangi na kabila. Huo ulikuwa ushenzi uliovaa koti la sayansi, na nausema kwa jina lake.

Lakini tazama kilichotokea baadaye. Watafiti wa Berlin walichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, yakiwamo takribani 200 ya eneo la Tanzania ya leo. Septemba 2023 walitangaza kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu vimelingana na vya ndugu walio hai huku nchini, Wachaga wa Kilimanjaro. Baada ya miaka zaidi ya 100, ukoo umejua kichwa cha mzee wao kiko kabati gani. Kilichowaonyesha ni somo hilihili la mifupa, meno na vinasaba. Novemba mwaka huohuo Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba radhi kwa maovu ya ukoloni wa Kijerumani. Wangoni bado wanaulizia kichwa cha kiongozi wao Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Nani atakitambua siku kikitolewa kabatini? Atakitambua mtu aliyekaa darasani akapitisha kidole chini ya fuvu. Mhubiri wa kwenye msiba hatakitambua.

Sisi watu wa kusini, kwa gesi ya Mtwara tulisimama kudai haki mwaka 2013. Fedha za ushuru wa korosho zilipoondolewa kwetu mwaka 2018 tulipiga kelele, na tulikuwa na haki. Kwa mifupa tumenyamaza, na wale wachache wanaojifunza kuidai tunawacheka kwenye majamvi.

Mwenye kusema kwamba mambo haya hayana faida mwambie aende zahanati. Miaka ile tulimeza klorokwini, malaria ikapona. Ikafika siku haiponi tena. Vimelea vilivyokuwa na uwezo wa kuihimili dawa vilibaki hai, vikazaana, vikaenea, mpaka serikali ikaiacha klorokwini mwaka 2001 na baadaye, mwaka 2006, ikachagua dawa ya mseto. Hayo ndiyo mabadiliko ya viumbe, yametokea ndani ya miili ya watoto wetu, tumeyalipia sisi wenyewe. Na sikoseli? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtoto aliyerithi kinasaba cha sikoseli kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali. Akirithi kwa wazazi wote wawili, anaumwa. Ndiyo maana kinasaba hicho kimeenea mahali palipo na malaria kama huku kwetu: mababu waliokuwa nacho walipona, wakazaa. Somo linalodaiwa kutukana damu yetu ndilo linaloeleza kwa nini damu yetu iko hivyo. Ni familia ngapi huku zimemfukuza shangazi kwa uchawi kwa sababu ya mtoto anayeumwa viungo na kuishiwa damu, na jibu lilikuwa kwenye kipimo?

Lawama nyingine naielekeza kwenye shule zetu. Kwa miaka mingi mtoto wa kidato cha kwanza amekutana na habari hii kwenye kitabu cha historia, kwa Kiingereza asichokielewa: picha ya viumbe waliopangwa mstari, wa kwanza ameinama, wa mwisho amebeba mkuki. Picha hiyo ndiyo iliyozaa uongo wa nyani kugeuka mtu. Mwalimu anaandika ubaoni, mtoto ananakili, kengele inalia. Maabara ina mizani iliyovunjika na chupa tupu. Tangu 1985 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia, na bado mtoto wa Masasi anaweza kumaliza kidato cha sita bila kugusa hata fuvu la plasta.

Kwa hiyo nataka mambo mawili, na nayataka sasa. Halmashauri zetu, Masasi na Newala, zinunue mifano ya plasta ya Zinj na nyayo za Laetoli kwa kila sekondari, zikianza na Chidya. Na wewe mzazi, mtoto akikuambia amechaguliwa kusoma somo hili, lipa ada, mnunulie daftari, na akirudi likizo mkalishe barazani mbele ya wazee aeleze alichokiona. Atakayemcheka, mwambieni anyamaze kwanza asikilize.