Ordinateri nzito: kabla ya kuiformati, tafuta programu ya kugawana mafaili

Goma. Kuna nyumba mtaani Kyeshero ambamo ordinateri moja imegeuka sanduku la karata za familia nne. Mwenye nyumba ni mwalimu, na mashini yenyewe aliinunua ya mtumba ili kupiga maswali ya mitihani. Vita vya Masisi vilipozidi kusukuma watu kuelekea mjini, alipokea ndugu, kisha ndugu wa ndugu. Kila aliyefika alikuwa na simu yenye picha za karata zake: buletini za watoto, karata ya mpiga kura, cheti cha kuzaliwa, diplome ya serikali. Simu huibiwa, huanguka majini, huuzwa siku ya njaa. Kwa hiyo picha zote ziliwekwa katika ordinateri ya mwalimu. Mwanzoni mwa 2025, kambi zilizouzunguka mji zilipovunjwa na watu wakatawanyika tena, baadhi ya waliopitia nyumba hiyo waliondoka bila karatasi hata moja mkononi. Kilichobaki ni zile picha.

Halafu mashini ikawa nzito. Kuiwasha asubuhi ilichukua muda wa kupika chai na kuinywa. Barua ya kurasa mbili ilikataa kufunguka, na feni ilinguruma kama kinu cha muhogo. Mega zilizonunuliwa jioni kwa ajili ya juma zima zilikuwa zimekwisha alfajiri. Majirani wote walikuwa na jibu moja, virusi, na dawa moja: fundi aiformati.

Shauri hilo hutolewa haraka mno katika mji huu, na ni shauri baya. Kuformati ni kufuta. Fundi anaposafisha diski ya C ili aweke Windows upya, anaondoa pia "Bureau", "Documents", "Images" na "Téléchargements", maana kwa kawaida zote hukaa humo humo kwenye C. Watu wengi huamini picha zao ziko salama kwa kuwa wanaziona mbele yao kila wanapowasha. Kwa mtu mwenye nyumba yake na karata zake kabatini, hasara itakuwa filamu na nyimbo. Kwa mama aliyetoka Mweso na mtoto mgongoni, inaweza kuwa ushahidi wa mwisho kwamba mwanawe mkubwa alimaliza darasa la sita.

Na katika nyumba ya Kyeshero hapakuwa na virusi. Kijana wa nyumba alikuwa ameweka µTorrent ili apate filamu za mfululizo ambazo wenzake shuleni walikuwa wakizisimulia. Kila usiku alibonyeza alama ya X pembeni, dirisha likapotea, akaenda kulala akijua amefunga. Hakuwa amefunga. Programu hiyo ikibonyezwa X hujificha chini kulia, karibu na saa, na kuendelea na kazi. Tena mashini ikiwashwa kesho yake, nayo huamka bila kuitwa.

Kazi gani? Hapa ndipo wengi hawaelewi, na si kosa lao, kwa sababu neno "téléchargement" linaficha nusu ya jambo. Mtindo wa BitTorrent, uliobuniwa na Mmarekani Bram Cohen mwaka 2001, hauchukui filamu kutoka ghala moja. Faili hukatwa vipande vidogo vingi, na kila ordinateri inayopokea vipande huwagawia wengine papo hapo. Filamu ikiisha kushuka, mashini haiachi. Inaendelea kuwatumia watu wasiojulikana, wa Brazil au wa India, mpaka mtu aizuie. Ni ushirika mzuri kwa wenye intaneti ya kulipia kwa mwezi, isiyo na kipimo. Hata wanaogawa mifumo huru kama Linux huutumia, kwa halali kabisa. Ila kwa anayenunua mega kwa franka za kuhesabu, kila kipande kinachotoka kinakatwa kwenye forfe yake sawasawa na kile kinachoingia.

Hesabu si ngumu. Programu ikituma kilobaiti 50 tu kwa sekunde, mwendo ambao mtu hauhisi, kwa saa moja zimeondoka mega 180. Usiku wa saa nane ni karibu mega 1,440. Mwalimu alikuwa akiilaumu kampuni ya simu.

Uzito wa intaneti nao una sababu yake. Njia ya kutuma, hasa kwa modemu ndogo au simu, ni nyembamba kuliko ya kupokea. Ikijaa vipande vya filamu, hata maombi madogo ya kufungua ukurasa hukwama nyuma, kama motari aliyekuta chukudu ya mkaa imesimama katikati ya njia. Ndiyo maana ukurasa haufunguki hata wakati hakuna kinachopakuliwa.

Na diski? Mashini nyingi za mtumba zina diski ya zamani inayozunguka, yenye sindano moja inayokimbia huku na huko. Programu ya kugawana huisumbua kwa kuandika kipande hapa na kusoma kingine pale. Umeme ukikatika ghafla, na unakatika, programu ikiwashwa tena inaweza kuanza kuyakagua upya mafaili yote iliyokuwa ikiyashughulikia, kipande baada ya kipande, ili ijue kama yameharibika. Mafaili ya giga 20 kwenye diski iliyochoka si kazi ya dakika mbili. Wakati huo mwenye mashini anataka kufungua barua tu, naye anangoja. Diski ya C ikikaribia kujaa filamu, Windows yenyewe hukosa nafasi ya kupumulia.

Kujua kama ndiyo sababu hakuhitaji fundi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Hufunguka "Gestionnaire des tâches". Ikionekana ndogo, bonyeza "Plus de détails" chini yake. Kuna safu za "Processeur", "Mémoire", "Disque" na "Réseau". Bonyeza kichwa cha "Disque", kisha cha "Réseau", na programu inayokula zaidi itapanda juu. Ikiwa juu kuna µTorrent, BitTorrent, eMule au jina jingine la ukoo huo, mwizi amepatikana bila mtu kupigwa. (Antivirusi mbili zikiwekwa mashini moja huleta uzito unaofanana na huo, nazo zitaonekana pale pale. Ondoa moja.)

Sasa funga kweli: alama ndogo karibu na saa, bonyeza upande wa kulia wa kipanya, "Quitter". Ngoja dakika tano. Mashini ikirudi mwepesi, hakuna cha kuformati. Kisha katika "Gestionnaire des tâches" fungua "Démarrage", ichague programu hiyo na ubonyeze "Désactiver", ili isiamke yenyewe tena.

Anayetaka kubaki nayo, na aiwekee mipaka: mwendo wa kutuma uwe mdogo, idadi ya miunganisho ipunguzwe, filamu iliyoisha isimamishwe. Katika µTorrent kuna mtego mmoja. Kwenye mwendo wa kutuma, tarakimu 0 haimaanishi "usitume". Inamaanisha "tuma bila kikomo". Anayeandika 0 akidhani amefunga mlango, ameung'oa na bawaba zake.

Programu yenyewe inapotoka wapi ni swali jingine. Mwezi wa Machi 2015 watumiaji wengi wa µTorrent walilalamika kwamba pamoja na toleo jipya walikuta programu nyingine, Epic Scale, iliyotumia nguvu ya ordinateri zao kutafuta sarafu za kidijitali. Kampuni ilijibu kuwa hakuna aliyewekewa bila kukubali. Huenda. Lakini nani kati yetu husoma kila dirisha kabla ya kubonyeza "Suivant"? Kwa hiyo baada ya kuondoa programu, fungua "Programmes et fonctionnalités", panga orodha kwa tarehe, utazame ni wageni gani waliingia siku ile ile.

Wala tusiwasingizie vijana kila kitu. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, matoleo ya nyumbani yalikuja yakiwa tayari kugawana vipande vya masasisho na ordinateri nyingine za intaneti, bila mwenye mashini kuulizwa waziwazi. Katika "Paramètres" tafuta "Optimisation de la distribution" na uzime "Autoriser les téléchargements à partir d'autres PC". Mtandao unaotoka kwenye simu uandikwe kama "connexion limitée". Hapo Windows hupunguza ulafi wake.

Kuna hatari nyingine kubwa kuliko uzito, na wahami wa vita wanapaswa kuisikia kwanza. Programu za zamani kama LimeWire, ambayo mahakama ya Marekani iliisimamisha Oktoba 2010, na eMule, hugawa folda nzima. Aliyeonyesha "Mes documents" kuwa folda ya kugawa, kwa haraka au kwa kutojua, aliwapa watu wote wa mtandao huo kila kilichomo. Wazia orodha ya walioomba msaada, majina yao, namba za simu na mahali walipojificha. BitTorrent haifanyi hivyo. Hugawa tu faili husika. Bali ordinateri inayotunza karata za watu wengine haifai kuwa na programu yoyote ya namna ile ya kwanza, hata kama inaenda mbio kama mpya.

Mafundi watasema nao wana haki. Mteja anakuja ana haraka, anataka mashini jioni, bei ya kuformati inajulikana na bei ya kutafuta kosa haijulikani. Ni kweli, na mara nyingine kuformati hakuepukiki: diski inakufa, au virusi vya kweli vimekula mfumo. Hata hivyo fundi anayefuta diski mjini Goma bila kuuliza kwanza "humu mna karata za nani?" anafanya kazi nusu. Na mteja anayelipa apunguziwe bei kwa kuwa hakuna cha kuhifadhi, huku ndugu zake hawajaulizwa, naye ana sehemu yake.

Kijana wa Kyeshero alitukanwa siku mbili. Walisema ameua mashini ya watu. Hakuiua, alitaka filamu, na hakuna aliyemweleza kuwa X si "Quitter". Sasa yeye ndiye anayeshika kazi ya kutunza folda. Picha za karata zote, za familia zote nne, hazikufikisha giga moja. Alizinakili kwenye flashi mbili: moja ipo kwa mwalimu, nyingine ilipelekwa kwa mama mzee wa kanisa mtaa mwingine, maana nyumba moja inaweza kukimbiwa usiku mmoja. Waliokwisha kuondoka walitumiwa za kwao kwa WhatsApp, picha moja moja, na wanaorudi kupita huzipokea kwa Xender, simu kwa simu, bila kukata mega. Familia mbili bado hazijapatikana kwa simu. Folda zao zipo, zimeandikwa majina ya akina baba na vijiji walivyotoka.