Kisanduku kidogo, hatari kubwa



Mara nyingi ukurasa huu unasema juu ya kofia, viatu vya kazi, miwani na mikanda ya usalama. Leo napenda kusema juu ya kitu kidogo, kisichozidi sana kipande cha sabuni. Kitu hicho hakiangukii mtu kichwani, hakikati vidole, hakitoi moshi. Ndiyo sababu hakuna anayekiogopa. Ni kile kisanduku chenye milango mingi ya USB, ambacho kinaunganisha vyombo vingi kwenye ordinateri moja na kuvigawia umeme. Wengine wanakiita habu. Siku hizi kiko katika kila atelye, katika kila ofisi ya kapita, hata ndani ya kamyo kubwa.

Je, nani amekichagua? Nani amekagua kama kinafaa kwa kazi yetu? Mara nyingi jibu ni hili: hakuna mtu. Kilinunuliwa sokoni, kikawekwa juu ya meza, basi.

Mimi mwenyewe nilishuhudia matokeo yake. Mahali pamoja pa kazi, ambapo sitataja jina, vyombo vya kupima hewa mbaya vilikuwa vinawekwa usiku kwenye kisanduku cha namna hiyo, ili vijazwe umeme na ili ordinateri isome vipimo vya siku. Kisanduku chenyewe kilikuwa cha plastiki, chenye milango saba. Milango minne ilishika vyombo vya kupima hewa. Mitatu iliyobaki ilishika telefone za watu wa posti ya usiku. Asubuhi kundi la kwanza likaja kuchukua vyombo, maana baruti ilikuwa imepigwa usiku na watu walipaswa kuingia shimoni. Vyombo vyote vinne viliwaka. Lakini kabla hawajafika mlango wa shimo, viwili vilikuwa vimezimika mikononi mwao.

Kapita alikuwa mtu wa busara. Alikataa watu wasishuke. Kundi lote likakaa saa mbili na nusu bila kazi, na wengine walinung'unika. Lakini kila aliyefanya kazi ya shimo anajua kwamba baruti, na vilevile moshi wa mashini za mazuti, huacha hewa ya monoksidi ya kaboni. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Mtu anasikia kichwa kizito, miguu inalegea, anaketi kupumzika kidogo, na haamki tena. Macho yetu na pua yetu haviwezi kuitambua. Ni chombo peke yake kinachotuambia. Na chombo kisicho na umeme ni jiwe mfukoni.

Nani alikuwa mkosaji siku ile? Watu walianza kuwalaumu wenye telefone. Mimi nasema: sivyo. Tutazame kwanza hesabu ya umeme.

Mlango mmoja wa USB 2.0 wa ordinateri hutoa umeme wa volti 5 na ampea 0,5, maana yake wati 2,5. Mlango wa USB 3.0 hutoa ampea 0,9, maana yake wati 4,5. Hapo ndipo mwisho wake. Kisanduku kisicho na chanzo chake cha umeme kinakula katika mlango huo mmoja, halafu kinagawa mabaki. Kwa kanuni ya USB 2.0, kisanduku cha namna hiyo hujibakizia ampea 0,1, kisha hutoa ampea 0,1 kwa kila mlango, tena kwa milango minne tu. Telefone moja ya leo hutaka ampea 1 au zaidi. Ni sufuria ya bukari iliyopikwa kwa watu wawili: hata ukiita watu saba mezani, bukari haiongezeki. Mwenye nguvu atakula, mnyonge atalala njaa. Siku ile telefone zilikula, vyombo vya kupima hewa vikalala njaa.

Basi maoni yangu ya kwanza ni haya: kazini, kisanduku cha USB kiwe na chanzo chake chenyewe cha umeme, na chanzo hicho kitoshe. Tufanye hesabu pamoja. Milango 7, kila mmoja ampea 0,9, ni ampea 6,3. Zidisha kwa volti 5, unapata wati 31,5. Ongeza kile kisanduku kinachojilia chenyewe pamoja na akiba, unafika karibu wati 40. Sasa geuza kile chanzo ambacho mwuzaji amekupa, usome maandishi yake madogo. Kama imeandikwa volti 5 na ampea 2, hizo ni wati 10 tu. Mwuzaji amekupa nyumba ya milango saba na unga wa watu wawili.

Maoni ya pili: volti zilingane na mahali. Visanduku vilivyotengenezwa kwa ajili ya viwanda haviingizi umeme kwa fise nyembamba inayochomoka ukiigusa. Vina skrubu za kukaza nyaya, navyo hukubali volti za aina nyingi: vingine toka 7 hadi 24, vingine hadi 48. Katika makabati ya umeme ya viwandani volti 24 ndizo za kawaida, na huko kisanduku kinachoandikwa 7 hadi 24 kinaweza kukaa vema. Lakini wenzetu wa makamyo wasikilize vizuri. Kamyo ya volti 24, wakati motere inazunguka, hufika karibu volti 28, na mara kwa mara umeme wake unaruka juu zaidi kwa kitambo kidogo. Kisanduku chenye mwisho wa volti 24 hakitadumu humo. Chukua kinachofika volti 36 au 48, au weka mbele yake kigeuzi cha umeme kilichotengenezwa kwa magari. Tena weka fuzibo karibu na bateri, inayolingana na unene wa waya. Na kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme, si dereva mwenye kisu na utepe.

Tusisahau delestaji, ambayo sisi sote tunaifahamu. Umeme ukikatika, kisanduku kingine kinarudi kuinyonya ordinateri. Kingine kilichotengenezwa vibaya kinasukuma umeme kinyume, kuingia ndani ya ordinateri. Kwa hiyo chanzo cha kisanduku cha vyombo vya usalama kiunganishwe kwenye onduleri, pamoja na ordinateri yake.

Maoni ya tatu: tusidanganywe na chuma. Watu wengi wakiona kisanduku cha chuma husema, "Hiki ni cha nguvu." Ni kweli, chuma huvumilia kupigwa, nacho hufungwa kwa skrubu ukutani au kwenye reli ya milimita 35 ndani ya kabati. Lakini chuma si kizuizi cha vumbi wala cha maji. Soma herufi IP na tarakimu mbili zinazofuata. Ya kwanza inahusu vumbi, ya pili inahusu maji. Visanduku vingi vya chuma ni IP30: vumbi linaingia, na maji hayazuiwi kabisa. IP65 maana yake vumbi haliingii, na maji yanayorushwa kwa mpira hayadhuru. Basi ukiwa na IP30, kiweke ndani ya kabati inayofungwa vizuri. Vumbi letu la mawe ya shaba likishikana na unyevu wa wakati wa mvua, linakula viungo vya chuma na kupitisha umeme pasipotakiwa. Tazama pia joto kinachoweza kuvumilia. Kisanduku cha nyumbani mara nyingi hakipiti digri 40. Kabati iliyofungwa, ikikaa juani mchana kutwa, inapita hapo kwa urahisi. Vya viwanda vizuri vinafika digri 70, vingine hata 85.

Maoni ya nne: urefu wa kable. Umeme wa Inga unafika Kolwezi kwa njia ya karibu kilomita 1700, iliyokamilika mwaka 1982. Ili ufike, ulipandishwa hadi volti 500 000, maana umeme wa volti ndogo unapotea njiani. Sasa sisi tuna volti 5 tu! Waya mwembamba wa kable ya kawaida una kizuizi cha karibu omu 0,2 kwa kila mita. Kable ya mita 5, kwenda na kurudi, ni mita 10, yaani omu 2. Ukipitisha ampea 0,5, volti 1 nzima imepotea, na chombo kinapata 4 mahali pa 5. Kwa USB 2.0 usipite mita 5, kwa USB 3.0 usipite mita 3, na kwa kujaza umeme kable fupi ndiyo nzuri siku zote. Tena, ni aibu kwetu kusema hili: kable nyingi za bei rahisi si shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Sisi tunaochimba shaba, tununue shaba.

Maoni ya tano: kuna mahali ambapo kisanduku hiki hakiruhusiwi kabisa, hata kiwe cha chuma namna gani. Chumba cha kujaza bateri kubwa za risasi hutoa hewa ya hidrojeni, ambayo inaweza kulipuka ikifika sehemu 4 kwa mia ya hewa ya chumba. Cheche ndogo ya fise inatosha. Vilevile ghala la mazuti na ghala la baruti. Huko huingia tu chombo chenye alama Ex, kilichotengenezwa kwa ajili ya mahali pa hatari ya namna hiyo.

Sasa turudi kwenye zile telefone tatu, kwa sababu hapo ndipo penye ubishi. Wakubwa wengine wanasema: "Tukataze telefone zote kazini, matata yatakwisha." Kwa maoni yangu, hayatakwisha. Huko site umeme unaweza kukatika siku mbili. Mfanya kazi anatoka nyumbani kabla ya jua, na mke wake anataka kujua kama amefika, kama mtoto mgonjwa apelekwe hospitali. Ukimkataza bila kumpa mahali pengine, ataficha telefone yake nyuma ya kabati, kwenye mlango uleule ambao hukutaka auguse. Katazo lisilo na njia nyingine huzaa ujanja.

Kwa hiyo ninaomba wakubwa wa kazi na wajumbe wa usalama waweke visanduku viwili. Cha kwanza kiwe cha vyombo vya kupima hewa na taa za kofia: ndani ya kabati yenye ufunguo, chenye rangi nyekundu, kisicho na mlango hata mmoja ulio wazi. Cha pili kiwe cha telefone: katika chumba cha kubadili nguo, chenye chanzo chake peke yake. Ndipo mtu atakayegusa kile chekundu atakuwa mkosaji kweli, na aadhibiwe.

Wengine watasema gharama ni kubwa. Mimi nauliza: kundi zima likikaa saa mbili na nusu, ni gharama gani? Na kama kapita yule angekuwa mtu wa haraka, akawaruhusu kushuka, tungelipa kwa kitu gani?

Akina mama, nanyi mna sehemu yenu. Tunajua kwamba umeme ukikatika, jirani anakuja na telefone yake, shangazi analeta yake, na baba anakwenda kazini na tatu mfukoni. Tafadhali, msimtwishe. Telefone ya jirani inayojazwa kwenye kisanduku cha vyombo vya usalama inanyang'anya pumzi ya mtu wa shimo, na mtu huyo anaweza kuwa mume wako au mwana wako. Na nyumbani, msirundike fise juu ya fise kwenye prizi moja, wala msilaze telefone inayojazwa chini ya mto wa mtoto.

Kabla ya kununua au kuunganisha, jiulize maswali haya:

1. Kina chanzo chake cha umeme? Wati zake zinatosha milango yote?
2. Volti zake zinalingana na kabati au kamyo yetu, na zinabakiza nafasi?
3. Tarakimu za IP na digri za joto zinafaa mahali kitakapokaa?
4. Kable ni fupi, ni ya shaba, na imekazwa isichomoke?
5. Mahali penyewe hapana hidrojeni, mazuti wala baruti?
6. Nani anakikagua, na siku gani?

Swali la sita ndilo kubwa. Kitu kisicho na mwenyewe huharibika bila mtu kujua. Jina la mwenye kukikagua liandikwe juu yake, na kila asubuhi, kabla ya kundi kushuka, yeye na kapita watazame kila chombo kimejaa kiasi gani. Taa ya kijani haitoshi: soma kipimo.

Ndugu yangu, kisanduku hiki hakizidi kipande cha sabuni. Lakini maisha ya watu wanane yaweza kuning'inia kwenye waya wake. Tukiheshimu kama tunavyoheshimu kamba ya shimo.

Usalama hauna kitu kidogo!